Swichi ya indiketa ya gari la Mzee

Malindi, Jumatano jioni

Ndugu yangu Omari,

Salaam aleikum. Sisi wazima, alhamdulillah. Mama anakusalimu na anauliza mbona umeadimika hivyo. Nami najua nimekukumbuka kwa shida, utanisamehe.

Ile Volkswagen Beetle ya Mzee, ya 1969, indiketa ya kushoto imekufa. Fundi wa hapa Maweni alishika flasha kwanza, kile kidude kinachofanya taa zipepese, akataka ninunue mpya. Nikamuuliza, flasha si ni moja kwa pande zote mbili? Kama kulia kunapepesa, itakufaje nusu? Kimya. Akabadilisha glopu, wapi! Mwisho tukachomoa waya wa kushoto kwenye swichi, tukaugusisha na ule unaotoka kwenye flasha, taa zikawaka mbele na nyuma. Basi mgonjwa ni swichi.

Nikamwambia atoe betri kabla ya kufungua usukani. Akafunua boneti ya mbele, akakutana na tairi la spea na tangi la petroli. Betri ya Beetle kukaa chini ya kiti cha nyuma hajapata kusikia! Akaona uvivu, akaendelea hivyo hivyo, na ufunguo hajauzima. Nati ikatoka kwa spana ya 27, waya wa honi ukagusa bodi, mtaa mzima ukaamka usingizi wa mchana. Bi Zuhura akatoka mbio akidhani bwana harusi kafika.

Ndani ya swichi vile vilimi vya shaba vimeota kijani kwa chumvi, na lile jino la plastiki linalorudisha mkono wa swichi katikati limekatika. Akapiga msasa, ikawaka kidogo, ikafa tena. Sasa anataka kunifungia swichi ya taa ya nyumbani kwenye deshibodi. Nimekataa. Gari la Mzee hilo!

Kabla hatujalifungua, indiketa yangu ya kushoto ilikuwa Juma, anatoa mkono dirishani. Wenye tuktuk wakidhani anawasalimu, nao wanampungia.

Sasa shida yenyewe. Nitafutie swichi huko Mombasa. Ile mbovu nimempa Faraj, atakuletea Ijumaa, uiweke kando ya mpya mhesabu waya. Usikubali muuzaji akwambie zote ni moja. Mkono wa hii ndio pia unaobadilisha taa kubwa na ndogo. Zipo za zamani ambazo taa hubadilishwa kwa mguu, hizo hazinifai. Ukipata na flasha ya akiba chukua, lakini iwe ya volti 12, sita itaungua. Kufunga nitasimamia mwenyewe: mkono ukae katikati kabla usukani haujarudi, la sivyo jino jipya nalo litakatika.

Yule Mtaliano jirani bado anataka kulinunua. Amepandisha bei tena, na wewe unajua mambo ya karo mwezi huu... Hayo tutaongea.

Hebu niambie, yule mzee wa spea wa Mwembe Tayari bado yupo, au duka lilishafungwa? Unadhani mpya itakuwa pesa ngapi, au nitafute ya gari bovu? Mwalimu Kombo amepona mguu? Na laini yako ya M-Pesa ni ile ile? Nisije nikamtumia mtu baki pesa ya swichi.

Nduguyo,
Salim