Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa klabu: turudishieni jukwaa moja

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: USHANGILIAJI KATIKA MECHI ZILIZOBAKI

Salaam. Timu iko mkiani, na kila baada ya kipigo unatuomba mashabiki tusiitupe. Hatujaitupa. Lakini uwanja wetu umekuwa kimya, na sehemu kubwa ya ukimya huo inatokana na maamuzi ya ofisi yako. Yanaweza kurekebishwa kabla ya mechi ijayo ya nyumbani, bila kusajili mtu.

Kelele za jukwaani si pambo. Ligi Kuu ya Ujerumani iliporejea Mei 16, 2020 bila watazamaji, timu zilizocheza kwao zilianza kushinda mara chache kuliko kawaida, na wageni hawakuonyeshwa tena kadi nyingi kama zamani.

Tuanze na ngoma, maana hapo ndipo penye jeraha. Kundi la ushangiliaji limegawanywa, nusu nyuma ya kila lango, kwa hoja kwamba sauti itaenea uwanja mzima. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kutoka lango hadi lango ni mita 100 na ushee, kwa hiyo pigo la upande mmoja hufika upande wa pili likiwa limechelewa karibu theluthi ya sekunde. Wa pili wakilifuata, wimbo unaburuzika. Wasipolifuata, zinakuwa nyimbo mbili. Aliyekaa katikati anasikia vurugu tupu, mwishowe ananyamaza.

Tunaomba wote warudi jukwaa moja, nyuma ya lango tunalolishambulia kipindi cha pili. Ngoma kubwa moja ishike mapigo, ndogo mbili ziifuate, na kiongozi awatazame waimbaji huku akiupa uwanja mgongo. Kwa kuwa hauoni mpira, awe na msaidizi wa kumgusa bega: mara moja, tumepata kona, pandisha, mara mbili, tunapigiwa kona, shusha. Ndiyo, ngoma zishushwe. Krosi ikiwa angani kipa hupaza sauti "Wangu!", na beki asipomsikia wanarukia wote wawili, mpira unamdondokea mshambuliaji miguuni. Dakika ngumu kuliko zote ni zile tano baada ya kufungwa. Hapo usianzishwe wimbo mpya wala mrefu. Unahitajika ule mfupi ambao hata mtoto anaujua, na uanze kabla mpira haujarudishwa katikati.

Spika za uwanja nazo zinatuua. Muziki unapigwa mpaka timu zinajipanga, kisha unakatwa ghafla na uwanja unabaki umepoa. Zizimwe dakika 15 kabla ya mpira kuanza, sauti za watu zipate muda wa kushikana.

Mageti yafunguliwe saa mbili kabla ya mechi badala ya saa moja. Hesabu yake ni nyepesi: ukaguzi ukichukua sekunde 10 kwa mtu, geti moja hupitisha watu 360 kwa saa. Mageti manne ni watu 1,440 tu. Wengine wanaingia bao limeshaingia, wamechoka na foleni, na hao ndio wanaoanza kuzomea.

Kuhusu kuzomea, Mheshimiwa, tusaidiane. Beki akimrudishia kipa mpira, jukwaa linaguna. Mara inayofuata anaogopa, anabutua mbele, wapinzani wanauokota na kurudi nao kabla viungo wetu hawajapanda. Sisi tutawaelimisha wenzetu matawini, ila kocha atupe nusu saa kila mwezi atueleze anachojaribu kukijenga, na wewe uache kuwataja wachezaji kwa majina mbele ya waandishi. Kijana uliyemtaja wiki iliyopita alizomewa tangu anapasha misuli. Majeruhi nao watangazwe ukweli wao. Shabiki anayejua mshambuliaji yuko nje wiki sita anavumilia. Anayeambiwa kila Ijumaa kwamba yuko fiti, halafu asimwone hata benchi, anahisi kudanganywa, na tiketi inayofuata hanunui.

Muda bado upo. Msimu wa 2014/15, Leicester City ilikuwa mkiani mwa Ligi Kuu ya Uingereza baada ya mechi 29, na pointi 19 tu. Ilishinda 7 kati ya 9 zilizobaki, ikamaliza ya 14.

Tunaomba jibu la suala la jukwaa kabla ya Jumatano. Ngozi ya ngoma kubwa imepasuka, na ikishawambwa upya inahitaji siku mbili za jua kabla ya kupigwa.

Wako katika michezo,
Waratibu wa ushangiliaji, kwa niaba ya matawi ya mashabiki