Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya kuhusu kupima tiba shufaa

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mwaka 2015 vituo vyetu vya afya ya msingi vilianza kukaguliwa na kupewa nyota, sifuri hadi tano. Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya wenye ugonjwa mzito; nawafuata wagonjwa wa saratani majumbani, na kazi yetu haienei kwenye kipimo cha namna hiyo. Wodi ya wazazi hupimwa kwa mama na mtoto kutoka salama. Wagonjwa wetu wengi watafariki hata tukiwahudumia kwa ustadi wote. Kwa hiyo zinahesabiwa nyumba tulizotembelea na chupa tulizogawa za mofini, dawa ya maumivu makali, bila kujulikana kama mgonjwa alipata usingizi.

Dodoso zuri lipo. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika (APCA), chenye makao Kampala, kina maswali kumi: saba ya mgonjwa, matatu ya mlezi wake. Hujibiwa hata kwa vidole: ngumi ni sifuri, kiganja wazi ni tano, hivyo asiyejua kusoma naye anajibu. (Ila tano ya maumivu ni habari mbaya na tano ya utulivu wa moyo ni njema, hapo hata sisi huchanganyikiwa.)

Kinachonisumbua ni nani anauliza. Akiuliza muuguzi yuleyule aliyeleta dawa, mgonjwa atasema "namshukuru Mungu" huku ameuma meno. Au mwanawe atamjibia. Aliyezidiwa haulizwi kabisa, na akifariki anatoka kwenye hesabu, kwa hiyo wastani wa kituo unapendeza kwa sababu wenye maumivu makali hawapo tena. Timu inayopokea mahututi inaonekana dhaifu kuliko inayowakwepa.

Naomba muulizaji atoke nje ya kituo. Familia nayo iulizwe matanga yakishaanuliwa: usiku maumivu yalipozidi, mlijua wa kumpigia? Alikuja? Na alama hizo zisitumike kukata bajeti, maana zikitumika hivyo, kila mgonjwa wa nchi hii ataandikiwa ngumi kwenye maumivu.

Pia kila hospitali ya wilaya iripoti siku ambazo haikuwa na mofini, na taarifa hiyo ifike mezani kwako. Dawa hii haiuzwi duka la dawa la mtaani. Ikiisha hospitalini, muuguzi na ndugu wa mgonjwa hawana pengine pa kuipata.

Wako katika huduma,
Muuguzi wa tiba shufaa, Tanga