Nani amemchora Rosa?

Mhariri,

Vitini vya uhakiki wa fasihi vimejaa sentensi moja: "Mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe." Mwanafunzi anaikariri, anapachika jina la Rosa, anahamia hoja ya pili. Kosa liko kwenye kitenzi chenyewe. "Amechorwa" ni kauli ya kutendwa, mtendaji katoweka.

Tuchukue Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka 1971. Anayemfanya Rosa chombo ni Deogratias, Bwana Maendeleo, mtu mwenye cheo cha serikali ya nchi iliyokwisha kujitawala. Msimulizi hayuko upande wake. Amekwisha kutuonyesha Zakaria, baba mlevi, akimpiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mapenzi ya mvulana, Charles. Rosa anatoka Ukerewe kwenda sekondari akiwaogopa wavulana, bila kujua namna ya kuzungumza nao, sembuse kuwakatalia. Anayerukia sura za chuoni anamkuta "malaya". Aliyeanza na kile kipigo anasoma mashtaka dhidi ya malezi. Hata jina lake ni mzigo: Rosa Mistika ni sifa ya Bikira Maria kutoka kwenye Litania, sala ya Wakatoliki, na binti anadaiwa usafi ambao hakuna mwanamume kitabuni anayedaiwa. Waliokizuia kitabu hiki shuleni kwa muda mrefu walijikwaa hapo hapo: walidhani kusimulia uovu ni kuufundisha.

Walimu wenzangu, jaribuni hivi. Chagueni kurasa mbili tu. Mwanafunzi apige mstari kwa kalamu nyekundu chini ya maneno ya wahusika, kwa bluu chini ya maneno ya msimulizi. Kisha aandike kila hoja kwa kauli ya kutenda: nani anafanya nini, kwa nani, kwa nguvu ipi, iwe fedha, cheo, dini au fimbo. Akikosa mtendaji, arudi kitabuni.

Ukiipeleka njia hii kwenye Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), utaona mambo mengine kabisa: rangi ya ngozi, ukoo, na shamba ambalo Rehema amepewa na baba yake, kisha shemeji yake Karim akaja kulidai. Hapo "nafasi ya mwanamke" ni suala la ardhi.

Watunga mitihani nao wasaidie. Badala ya "Jadili nafasi ya mwanamke", waulize: "Nani anamnyima Rehema shamba, na anatumia hoja gani?" Kitini hakina jibu la swali hilo.

Mwalimu wa fasihi,
Mwanza