Mhariri, sisi mafundi tutauziwa wapi kilo tano za mkonge?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika humu kwamba mkonge umekwisha kazi kwa kuwa kamba za nailoni zimeushinda sokoni. Mimi ni fundi wa faiba hapa Tanga, yaani naunda vitu kwa nyuzi zilizomiminiwa rezini, gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu. Naziba boti zilizotoboka, naunda bampa za magari na bodi za bajaji. Nyuzi ninazotumia ni za kioo, zinaletwa kwa meli, ilhali ukishika barabara ya Muheza kwenda Korogwe mkonge unakusindikiza kushoto na kulia. Nami jambo hili linanikera, ila sababu yake si hiyo ya nailoni.

Tuanze na jani lenyewe. Karibu lote ni maji na nyama. Singa, yaani nyuzi zake, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Marehemu baba aliletwa huku kutoka Songea akiwa manamba, akawa anafunga vitita vya majani thelathini thelathini tangu alfajiri. Kitita kizima, kikishapita kwenye korona, ile mashine ya kukwangua majani, hakitoi hata kilo moja ya singa. Nyama yote na maji ya kijani hufuata mfereji, na waliokaa karibu na kiwanda cha mkonge wanaijua harufu yake.

Hizo singa, kama theluthi mbili yake ni selulosi, na hiyo ndiyo inayobeba nguvu. Inayobaki ni gundi ya mmea inayozishikanisha, pamoja na nta kidogo kwa juu. Ukisokota kamba, nta haikusumbui. Lakini rezini haitaki nta wala haitaki unyevu. Mimina rezini juu ya singa mbichimbichi uone: inafanya mapovu, tabaka zinaachana, na kipande kikikauka ukikigonga kwa kidole kinalia utupu. Mteja hakubali kitu kama hicho, na ana haki.

Dawa yake inajulikana. Singa zikishakaushwa na kukatwa, zinalowekwa kwenye maji yenye kostiki soda kidogo, kama asilimia 5, ile ile wanayonunua watengeneza sabuni. Nta inatoka, sehemu ya ile gundi inatoka, uso wa uzi unakwaruzika na rezini inapata pa kushika. Halafu unasuuza sana, unatia siki kidogo kuua ukali wa soda, unaanika mpaka zikauke kabisa. Ukizidisha soda au muda, unakula na selulosi yenyewe, uzi unakatika ukiuvuta. Vaa glovu na miwani, na yale maji usiyamwage mtoni. Mto Pangani umeshabebeshwa ya kutosha.

Wajerumani walilishughulikia hili zamani. Mwaka 1996 Mercedes-Benz E-Class ilitoka na milango ambayo bodi zake za ndani zilikuwa na mkeka wa kitani na mkonge ulioshikwa na rezini ya epoksi, na uzito ukapungua kwa karibu asilimia 20. Mjerumani mwingine, Dk. Richard Hindorf, ndiye aliyeuingiza mkonge hapa mwaka 1893 kutoka Florida. Miche iliyofika hai ilikuwa 62. Kutoka kwenye hiyo 62 tulifika tani zipatazo 230,000 mwaka 1964, tukiongoza dunia. Leo hatufiki hata nusu, na Brazili imetupita kitambo.

Wala sitaki kumdanganya mtu. Uzi wa kioo una nguvu mara kadhaa kuliko singa, na singa hunywa maji. Boti ya uvuvi siwezi kuitengeneza kwa mkonge nikalala usingizi. Lakini bodi ya ndani ya mlango, kiti cha daladala, kava la bajaji, meza, hivyo havihitaji nguvu ya boti. Hapo mkonge unafaa kwa sababu ni mwepesi, uzito wake hauzidi sana nusu ya kioo kwa ujazo ule ule. Tena hauwashi. Anayekata faiba ya kioo kwa grinda mchana wa Februari, jasho linamtiririka shingoni, atanielewa ninaposema hivyo. Mke wangu hukataa kabisa kufua nguo zangu pamoja na za watoto.

Na tusijifanye kwamba ni sayansi ya kigeni. Nenda kwa mafundi wa jipsamu mtaani kwako. Wanachovya katani, ndizo singa hizo hizo za mkonge, kwenye jipsamu iliyokorogwa, wanaijaza nyuma ya konisi, ile mikanda ya urembo wa dari, isije ikapasuka. Uzi ndani ya kitu kinachoganda, ndiyo kazi hiyo hiyo ninayofanya mimi. Kwenye saruji ndiyo ilileta matatizo: watu walijaribu kuezekea vigae vya saruji na mkonge, lakini ukali wa saruji huila singa pole pole, na baada ya miaka kigae kinabaki hakina mshipa. Rezini haina ukali huo.

Sasa nakuja kwenye shida yenyewe, Mhariri. Mkonge wetu unauzwa kwa robota la kilo 250 na unapangwa madaraja kwa urefu na weupe, kwa kuwa soko lililozoeleka ni la kamba, mazulia na magunia. Mimi urefu sina haja nao, singa nitazikatakata kwa mkasi. Weupe nao unafunikwa na rangi. Ninachotaka ni singa fupi, zile za daraja la chini zinazouzwa kwa bei ya kutupa, ila ziwe kavu na safi. Nilikwenda kiwanda kimoja kuomba kilo tano nikaambiwa ninunue robota au niondoke. Nikaishia kununua konzi kwa fundi wa jipsamu, zimeshakaa chini wiki kadhaa, na mchanga ndani. Na dukani, mkeka wa kioo unakatiwa kwa mita, unachagua mnene au mwembamba; wa mkonge mimi hapa Tanga sijauona kwenye rafu.

Viongozi wakija wanauita mkonge dhahabu, wanapigiwa makofi, wanaondoka. Bodi ya Mkonge ipo hapa hapa mjini, kituo cha utafiti cha Mlingano wapo watafiti waliotuletea aina za mkonge zinazosifiwa, vyuo vya VETA vina vijana wanaojua kuchomelea na kupaka rangi. Sisemi wajenge kiwanda cha mabilioni. Ushirika mmoja wa wakulima wenye korona yao wakiongeza sehemu safi ya kuanikia, mashine ya kukatia, pipa la plastiki la kulowekea na shimo salama la kutunzia maji machafu, wanaweza kutuuzia mafuko ya kilo tano yaliyoandikwa tarehe ya kukaushwa. Mafundi faiba tuko Tanga, Dar es Salaam, Mwanza kwenye boti za ziwani. Tutanunua ikiwa bei itakuwa chini ya kioo. Ikiwa juu, hatununui, uzalendo hauchanganyiki na rezini.

Kwa hiyo naomba mwandishi wako awaulize wahusika mambo mawili: singa fupi kavu zinauzwa shilingi ngapi kwa kilo kwa fundi wa hapa nchini, na anakwenda mlango gani kuzichukua. Atakayejibu tafadhali aandike bei na mahali, hotuba aiache.

Fundi Faiba,
Chumbageni, Tanga