Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Walimu wa Kemia, Lubumbashi

Wapendwa wanachama,

Mafunzo ya likizo, ziara ya Likasi na shindano la wanafunzi vyote vilifanyika, na kwa kuwa mlikuwapo, sitavirudia. Jambo linalonilazimu kuandika kwa kirefu ni uamuzi wa kamati wa kulinyima alama jibu la wanafunzi ambalo wenzetu kadhaa wanashikilia kwamba lilikuwa sahihi.

Swali lilitaka mlinganyo wa ioni, yaani unaoonyesha chembe zenye chaji zinazobadilika tu, wa malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, inapomiminiwa asidi sulfuriki hafifu. Wengi waliandika CO₃²⁻ + 2H⁺ → CO₂ + H₂O. Atomi zinalingana, chaji zinalingana, nami sikulikana hilo hata katika kikao kile cha maneno makali. Lakini malakiti ni jiwe lisiloyeyuka katika maji, na kitu kisichoyeyuka hakitenganishwi kuwa ioni, bali huandikwa kizima: Cu₂(OH)₂CO₃ + 4H⁺ → 2Cu²⁺ + CO₂ + 3H₂O. Ioni zinazofutwa pande zote mbili za mlinganyo ni SO₄²⁻ za asidi peke yake, kwa sababu zinaingia na kutoka zilivyo. Kama ioni za malakiti zingekuwa huru, mvua za Januari zingekwisha kuisomba shaba yetu. Mbele ya wazazi waliolalamika nilisaga kipande, nikakitia maji, na unga wa kijani ukatulia chini ya bilauri. Nilipodondosha asidi, povu lilipanda, maji yakawa ya buluu, na msumari niliouzamisha ukavaa wekundu wa shaba: Fe + Cu²⁺ → Fe²⁺ + Cu. Jaribio hilo niligharimia mwenyewe. Mwanafunzi anayegawanya kila fomula anafanya hivyo kwa mazoea, na mazoea hayo ameyapata madarasani mwetu.

Inasikitisha kwamba semina niliyoitisha kuhusu suala hilohilo ilihudhuriwa na walimu 9 kati ya 34, na waliopinga kwa sauti kubwa hawakufika. Ada wamelipa 13 tu. Nitrati ya fedha imekwisha, na sasa mlinganyo wa kloridi ya fedha, Ag⁺ + Cl⁻ → AgCl, tunaufundisha kwa chaki ubaoni, bila mtoto kuyaona yale mashapo meupe yakitokea ghafla katika maji maangavu.

Mwaka ujao, Mungu akitujalia, tunatumaini kununua kemikali na kuandaa mwongozo mfupi wa milinganyo ya ioni. Mweka hazina anapokea ada kila Jumamosi baada ya vipindi.