Barua kwa Mwanangu: Jitengenezee Klampu za Mbao

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na sisi huku hatujambo. Barua yako imetufikia salama, na habari ya ile meza ya mninga iliyoanza kuachia kwenye viungo nimeisoma zaidi ya mara moja. Umeniomba nikuongezee fedha ununue klampu mbili ndefu za chuma, vile vibanio vya kushikilia mbao hadi gundi ikauke. Nimelipima ombi lako bila haraka, na rai yangu ni kwamba klampu uzitengeneze mwenyewe kwa mbao, tena usitengeneze mbili bali kumi, kwa uangalifu uleule unaoutoa kwa samani ya mteja.

Sababu kubwa ni idadi. Nguvu ya klampu haienei kwenye ukingo mzima wa ubao, bali huanzia pale taya la klampu, yaani kipande kinachobana mbao, linapogusa na kutanuka kuelekea kwenye gundi kwa pembe ya digrii 45 kila upande. Ubao wa pembeni ukiwa na upana wa sentimita 10, klampu moja hukaza takriban sentimita 20 za kiungo, na baada ya hapo gundi hubaki bila mgandamizo wa maana. Meza yenye urefu wa mita moja na nusu kama ile yako ilihitaji klampu saba au nane, ilhali wewe, kwa maelezo yako, uliikaza kwa mbili za kuazima pamoja na mipira ya tyubu. Mpira wa tyubu nauheshimu, kwa kuwa unafunga vizuri mguu wa kiti au kitu cha mviringo, na kabari nazo zimeunga mbao nyingi sana katika nchi hii. Lakini uso wa meza unataka nguvu iliyonyooka, iliyo sawa kila mahali, na inayoweza kuongezwa kidogo kidogo mkono unapohisi gundi inatoka.

Chuma nacho kina dosari ambayo wauzaji hawaitaji. Chuma kitupu kikigusana na gundi mbichi juu ya mbao yenye tanini, ile kemikali ya asili ya mti, huacha doa jeusi linaloingia ndani, na randa hulifuata kwa shida. Upau wa mbao, yaani ule mhimili mrefu unaobeba mataya mawili ya klampu, ukipakwa nta hauachi doa, ni mwepesi, na gundi iliyokaukia juu yake hubanduka kwa kucha.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, nikianza na upau kwa sababu ndio unaoamua kama klampu itakuwa nzuri au mbaya. Unapokaza skrubu, nguvu haipiti katikati ya upau, bali hupita juu yake, mahali mbao zinapolala. Ndiyo maana upau hupinda, mataya yakafunguka kwa juu, na mbao unazoziunga zikainuka katikati. Dawa yake ni kimo. Ugumu wa upau huongezeka kwa mchemraba wa kimo chake, wakati unene huongeza kwa kadiri yake tu: ukiuongeza unene maradufu, unapata ugumu maradufu, lakini ukikiongeza kimo maradufu, unapata mara nane. Upau wenye kimo cha milimita 65 badala ya 50 tayari ni mgumu zaidi ya mara mbili, kwa mbao kidogo sana ya ziada. Kwa hiyo kata pau zako za mninga ziwe na unene wa milimita 25, kimo cha milimita 65 na urefu wa mita moja na robo. Chagua vipande vikavu vyenye nyuzi zilizonyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, visivyo na kifundo hata kimoja. Mninga nausifu kwa kazi hii kwa sababu ukishakauka hautanuki wala kusinyaa sana, na upau uliojipinda wenyewe kwenye unyevu wa masika hauna faida. Najua hapo Mafinga paini ya Sao Hill ndiyo iliyo karibu na mkono wako; ukilazimika kuitumia, ongeza kimo kifike milimita 80, na utegemee kwamba matundu yake yatachakaa mapema.

Nikitaja matundu nafika kwenye jambo ambalo ningependa ulirekebishe kuliko yote. Mafundi wengi wakitengeneza klampu za namna hii huchonga meno kwenye ukingo wa chini wa upau ili taya linalosogea lipate pa kushika. Meno hayo yanakata nyuzi pale hasa upau unapobeba mzigo mkubwa wa kupinda, na zaidi ya hapo kila jino linashikiliwa na kipande kifupi cha mbao ambacho kinaweza kukatika kwa kufuata nyuzi zake. Wewe toboa matundu katikati ya kimo cha upau, kila baada ya milimita 50, upitishe humo pini ya chuma ya milimita 10 ya kulizuia taya linalosogea. Katikati ya kimo ndipo mzigo wa kupinda ulipo mdogo kabisa, kwa hiyo tundu la hapo halidhoofishi upau kama linavyoudhoofisha pengo la ukingoni. Piga mstari kwa kigezo, weka alama ya kila tundu kwa ncha kali kabla ya kushika keekee, na weka kipande cha mbao chakavu chini ili upande wa pili usichanike.

Mataya yote mawili uyatengeneze kwa tabaka tatu zilizogandishwa kwa gundi: tabaka la katikati liwe na unene wa upau pamoja na nusu milimita ya nafasi, na mawili ya nje yaukumbatie upau. Kwa njia hii hutahitaji kuchimba tundu refu kwa patasi, kwa kuwa tundu linajitokeza lenyewe pale ulipoacha nafasi katika tabaka la kati. Nyuzi za mataya zisimame wima, yaani ziukate upau kwa pembe mraba, la sivyo taya litapasuka shingoni siku ya kwanza litakapokazwa kwa nguvu. Taya lisilosogea ligandishe kwenye upau na ulipitishie boliti mbili.

Kwenye taya hilo ndimo nati inamokaa, na hapa nakuomba uwe makini sana. Skrubu inapoisukuma mbao mbele, nati nayo inasukumwa nyuma kwa nguvu ileile. Ukiichomeka nati upande wa nje wa taya, itang'oka, hata uiwekee gundi ya namna gani. Ichomeke kutoka upande wa ndani, ule unaotazama kazi, ili kila unapokaza iwe inajibana zaidi ndani ya mbao, na nyuma yake ibaki mbao nzima ya milimita 20 na zaidi yenye tundu la kupitisha skrubu peke yake. Tumia nati ndefu, ile ya kuungia nondo mbili za hesi, yaani zenye mizingo ya skrubu. Ya milimita 12 ina urefu wa milimita 36, na hesi zake nyingi zinagawana mzigo, kwa hiyo haziliki upesi. Nondo yenyewe ya milimita 12, ambayo ndiyo skrubu ya klampu, husogea milimita 1.75 kwa kila mzunguko, na mkono wa mtu wa kawaida kwenye kishikio cha mbao utatoa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 200, ambayo inatosha kiungo kilichorandwa vizuri. Kiungo ambacho hakikurandwa vizuri usikilazimishe kwa klampu, kwa maana ubao uliovutwa kwa nguvu hautaacha kuvuta kurudi hata baada ya gundi kukauka, na nadhani hilo nalo lina sehemu yake katika ile meza.

Kati ya ncha ya skrubu na kazi weka kibao kinachoteleza juu ya upau. Ncha ya skrubu uifanye mviringo kwa tupa, na kwenye kibao uigongomelee sahani ndogo ya chuma, ili ncha izunguke bila kuchimba mbao. Uso wa taya linalosogea uukate ukiwa umeinama kidogo sana, ukingo wake wa juu utangulie kugusa kwa milimita moja au moja na nusu. Klampu ikiwa tupu utaona kama imekosewa, lakini ikishakazwa upau unapinda kidogo na uso unalala sawasawa.

Wakati wa kuunga, pau ziende zikipishana, moja chini ya mbao na inayofuata juu, ili mkunjo wa hii ufutwe na wa ile. Nta ipake kila baada ya kazi kadhaa. Mshumaa wa kawaida unatosha.

Nitakutumia kwa basi nondo mbili za hesi za mita moja na nati ndefu kumi. Kila nondo ikate vipande vitano vya sentimita 20, na kabla ya kukata pitisha nati ivuke mahali pa kukata, kisha uifungue baada ya kukata. Itanyoosha hesi zilizochubuliwa na msumeno. Anza na klampu mbili, uzikaze juu ya mbao zisizo na gundi, na upime kwa rula upau umepinda kiasi gani. Niandikie kipimo hicho kabla hujakata hizo nane zilizobaki. Meza ya mteja ikirudi, pasua viungo vyote upya kwa msumeno, usijaribu kujaza gundi juu ya gundi.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako