Barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara, Kaunti ya Nakuru: Mizani thabiti yenye kosa

Mheshimiwa Waziri,

Msimu wa mahindi ukifika Njoro, Molo na Rongai, mkulima akitilia shaka mizani ya dijitali huambiwa, "Haya, tupime tena." Gunia lilelile linapandishwa mara tatu, na mara zote tatu linasoma kilo 89.7. Mkulima ananyamaza. Lakini mizani kurudia jibu ni jambo moja, jibu lenyewe kuwa kweli ni jingine. La kwanza ni uthabiti, la pili ni usahihi, na ukaguzi wa kuweka jiwe moja la mizani la kilo 20 katikati ya sahani haupimi lolote kati ya hayo ipasavyo.

Mfano ambao wengi hawaujui ni huu. Ndani ya mizani ya dijitali mna lodiseli, kipande cha chuma kinachopinda kidogo kikikandamizwa. Kinachokikandamiza ni mvuto wa dunia juu ya mzigo, na mvuto haulingani kila mahali. Berlin ni 9.813 m/s². Nakuru, kando ya ikweta na mita 1,850 hivi juu ya bahari, ni takriban 9.775. Mizani iliyorekebishwa kule na kuletwa hapa bila kuguswa itapunguza zaidi ya gramu 300 kwa kila gunia la kilo 90, bila kuyumba hata kidogo. Magunia 100, kilo 30 zimekwenda. (Mizani ya zamani ya mkono, inayolinganisha mzigo na mawe, haina ugonjwa huu.)

Sasa tuiwekee jiwe la kilo 20. Kosa ni gramu 75 hivi, na ikiwa kigawanyo chake, yaani hatua ndogo kabisa inayoonyeshwa, ni gramu 100, itaonyesha 19.9. Pendekezo R 76 la OIML, shirika la kimataifa la sheria za vipimo, huruhusu mizani ya daraja la III (daraja la mizani ya kawaida ya biashara) iliyo kazini kukosa hadi gramu 100 kwa mzigo huo. Imepita! Kwa kilo 90 inaruhusiwa gramu 200 tu, na hapo ingeanguka, lau angekuwapo wa kuijaribu.

Kwa hiyo tunaomba ukaguzi ufanywe kwa mawe matano ya kilo 20. Mizani isimame sawa kwa pimamaji na isome sufuri. Mawe yaongezwe moja moja hadi kilo 100, kisha yaondolewe vivyo hivyo, kila namba ikiandikwa. Isiporudi sufuri, kuna kitu kimekwama. Mizani ya kilo 300 ijaribiwe pia kwa kilo 100 kwenye kila pembe, maana wapakiaji huangusha gunia upande mmoja na lodiseli ya upande huo ndiyo hupinda kwanza. Mwisho, mzigo uleule upimwe mara tatu.

Namba tatu zikikaribiana lakini zote ziko chini, fundi arekebishe mizani papo hapo Nakuru na kuifunga lakiri. Zikirukaruka, asirekebishe kitu. Atafute kwanza betri iliyochoka, upepo, ardhi inayotitia, au punje za mahindi zilizojibana chini ya sahani. Hili la pili hukosewa mno: mizani inayorukaruka ikirekebishwa, kosa lake linahamishwa tu.

Mawe nayo yanahitaji kupimwa. Jiwe la kilo 20 la daraja la M1, daraja la mawe ya kukagulia mizani kama hii, haliruhusiwi kukosa zaidi ya gramu 1, na kutu, rangi mpya au pembe iliyomeguka vyatosha kuvuka hapo.

Na stika isiandikwe "imepita" pekee. Iandikwe tarehe, na kosa kwa gramu kwenye kilo 100, kwa wino usiofutika, mahali ambapo muuzaji ataisoma akiwa amesimama kando ya gunia lake. Kilo 100 za mawe hazibebwi kwa bodaboda, kwa hiyo ombi hili lina gari ndani yake.

Wako kwa heshima,
Mafundi wa mizani, Nakuru